Maua marefu yanayolala wakati wa kusi

Dada wa Likoni, umeuliza kwa nini alizeti na zinia zako hulala upepo wa kusi ukianza, na kama kuzifunga kwenye kijiti kimoja kimoja kunatosha. Niko Kisauni, hapa hapa Mombasa, udongo wangu ni mchanga kama wako, na maua marefu nayapenda kuliko yote.

Kwanza tazama mbolea. Samadi ya kuku ikizidi, shina hukimbilia juu likiwa laini, na ua likichanua shina hilo haliwezi kulibeba. Kivuli cha ukuta au mwembe huleta balaa hilo hilo, maana mmea hurefuka ukilitafuta jua.

Ufito usimike mche ukiwa mdogo. Ukisimikwa baadaye utatoboa mizizi, na shina lililokwisha kupinda halinyooki vizuri. Fito za mikoko ndizo ninazozitegemea, mchwa hawazimalizi upesi. Kijiti kibichi cha muhogo au mlonge usithubutu, kitachipua kigombee maji na ua lako. Ufito usimike upande upepo unakotoka, yaani kusini-mashariki wakati wa kusi, ili shina lisukumwe mbali na ufito badala ya kusuguliwa nao.

Kufunga ndiko kunakoua maua ya wengi. Waya na nailoni hukata shina. Chana leso kuukuu, zungusha kwa umbo la 8, fundo likae kwenye ufito, uache nafasi ya kupita kidole. Shina linalotikiswa kidogo na upepo hunenepa na kukaza. Lililobanwa hubaki dhaifu, siku ukilifungua linaanguka. Alizeti ndefu ifunge mahali pawili au zaidi kadiri inavyokua.

Zinia na kosmosi, hapana, usizifunge moja moja. Zipande karibu karibu, simika fito 4 pembeni, kisha pitisha kamba za makonge huku na huku kama kitanda cha kamba, kimo cha goti. Mashina yatapenya yenyewe na majani yatazificha kamba. Zikifika shibiri moja na nusu hivi, kata ncha zitoe matawi, zitakuwa fupi na maua mengi. Alizeti ya kichwa kimoja usiikate ncha kamwe!

Mvua ikinyesha usiku, asubuhi tikisa vichwa taratibu maji yadondoke, na rudishia udongo shinani uliochukuliwa na maji. Ncha za fito zivike vizibo vya chupa, hasa kama una watoto, maana ukiinama kupalilia jicho liko karibu nazo sana.