Jasusi Haumbuliwi na Uso Wake

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akilalamika kwamba kila anapogawiwa kadi ya jasusi katika The Resistance, mchezo wa mezani ambao majasusi hujificha kati ya waaminifu, wenzake humtambua mapema, na akaniuliza afanyeje ili uso wake usimsaliti. Nimemjibu kwa kifupi, lakini suala hili linastahili maelezo marefu, kwa sababu wengi wetu tunaopenda michezo ya hila tunahangaika na uso ilhali kinachotuumbua ni matendo.

Mwaka 2006 wanasaikolojia Charles Bond na Bella DePaulo walichambua kwa pamoja matokeo ya tafiti nyingi kuhusu utambuzi wa uongo, wakakuta kwamba watu hutofautisha ukweli na uongo kwa usahihi wa takriban asilimia 54 tu, kiwango kinachozidi kidogo mno kile cha kurusha sarafu. Basi anayekukodolea macho mezani anabahatisha, lakini anayekumbuka ulimpigia nani kura na ulimtetea nani ndiye wa kuogopwa.

Nieleze mchezo mmoja ambao hadi leo najivunia. Tulikuwa watano, na kwa idadi hiyo The Resistance huwa na majasusi wawili dhidi ya waaminifu watatu. Misheni ni tano, kila moja hupewa kundi linalopigiwa kura, na jasusi aliyemo anaweza kuihujumu kwa siri ili ishindwe au kuiacha ifaulu; upande unaoshinda tatu ndio unaoshinda mchezo. Nilikuwa jasusi, nikachaguliwa katika misheni ya kwanza na ya pili, na zote mbili nikaziacha zifaulu, ingawa jasusi mwenzangu alikuwa akinitazama kwa mashaka makubwa. Misheni ya tatu huwa na watu wawili. Nikapelekwa pamoja na mwaminifu mmoja, nikaihujumu. Kila mtu alimgeukia yeye, maana mimi nilikuwa na misheni mbili safi nyuma yangu. Kuanzia hapo hesabu ilitubeba: misheni mbili zilizobaki zinahitaji watu watatu kila moja, na waaminifu ni watatu tu, kwa hiyo mmoja wao akishatengwa, hakuna kundi linaloweza kuundwa bila jasusi ndani yake. Sikuhitaji kusema uongo mwingi. Nilihitaji waaminifu waache kumwamini mtu mmoja.

Ndiyo maana nasisitiza: jenga ukweli kwanza. Sisemi kila jasusi aache misheni mbili zipite, kwani baada ya hapo huna nafasi ya kukosa hata moja, lakini kuihujumu ya kwanza yenye watu wawili ni kujiweka kizimbani mwenyewe.

Katika Coup, mchezo ambao kila mmoja hushika kadi mbili za siri za wahusika, anaweza kudai mhusika yeyote, na hutoka akizipoteza zote, kanuni ni ileile. Mimi hupenda kuanza kwa kudai kadi ambayo kweli ninayo, kama vile Duke anayeniruhusu kuchukua sarafu tatu, nikitumaini mtu atanipinga. Akinipinga hupoteza kadi moja kati ya mbili zake, nami naichanganya yangu kwenye rundo na kuchukua nyingine, na tangu hapo wengi husita kunipinga hata ninapodanganya. Vilevile hesabu kadi: zipo 15, wahusika watano mara tatu, kwa hiyo ukishika Duke wawili na wa tatu amelala wazi mezani, anayejiita Duke anadanganya bila shaka yoyote. Pia pima gharama ya uongo. Ukishambuliwa na Assassin, mhusika anayekunyang'anya kadi moja, ukiwa na kadi mbili, kisha ukadai kwa uongo kuwa na Contessa, anayemzuia Assassin, na mtu akakupinga, utazipoteza zote mbili. Ukiwa umebakiwa na moja, dai hilohilo halikugharimu chochote, maana ungetoka hata hivyo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na mezani huwa fupi zaidi kwa yule anayedanganya kila zamu bila kupima.

Lipo jambo jingine ambalo linaniuma bado. Tulikuwa tukicheza Mafia, mchezo wa kuwasaka wauaji waliojificha kati ya raia, uliobuniwa na Dimitry Davidoff huko Moscow mwaka 1986, na rafiki yangu wa miaka mingi akaapa kwa urafiki wetu kwamba yeye ni raia mwema. Nikamtetea mbele ya wote hadi mwisho, na alikuwa muuaji. Watu walicheka na kumsifu. Kushindwa hakukuniuma, kilichoniuma ni kwamba tangu siku hiyo, akiniapia jambo la kweli la maisha yake, moyo wangu husita.

Ndugu zangu, tusifanye hivyo. Ruhusa tunayopeana ni ya kudanganya kuhusu kadi, kura na sarafu za mchezo, na ruhusa hiyo haigusi urafiki, ndoa, wazazi wala imani ya mtu. Anayekopa uaminifu wa nje ili ashinde ndani huwaachia wenzake deni baada ya meza kukunjwa. Na nyinyi mnaoshindwa, msimwite mshindi mwongo kesho yake, kwa maana nimeitwa hivyo na najua linavyokera. Mezani kwangu sasa, kabla kadi hazijagawiwa, tunakubaliana kwa sauti kwamba viapo havitumiki, na anayeapa katikati ya mchezo hutolewa papo hapo, awe jasusi au mwaminifu.