Kadi za mkono: wino unapakaa, dai haikati katikati, mkunjo unapasuka

Dada uliyeuliza kutoka Kondele, Kisumu, unatengeneza kadi kwa mkono na una malalamiko matatu: wino wa muhuri unapakaa hata baada ya saa nzima, dai (si madai ya mahakamani, ni kile chuma chembamba chenye ukingo wa kukata) inakata pembeni na kuacha katikati, na kadi zinapasuka kwenye mkunjo. Kisha unauliza kama ununue mashine kubwa zaidi ya kukatia, ile ya rola inayokandamiza dai kwenye karatasi. Usinunue. Kwa sehemu kubwa yote matatu yanaanzia kwenye karatasi, na mashine kubwa itarudia makosa yale yale, tofauti ni kwamba yatakugharimu zaidi.

Umesema karatasi yako ni ya gramu 300, inang'aa, na ulikatiwa na wapiga chapa. Hiyo ni ati kadi. Juu imepakwa tabaka laini ili wino wa mashine ya chapa ukae juu na picha itoke kali. Wino wa muhuri ni kitu kingine. Ule wa maji hukauka kwa kunywewa na karatasi, halafu kiasi kidogo huenda hewani. Pedi za ofisini nazo hutiwa glisarini ili zisikauke zikiachwa wazi mezani. Sasa hiyo glisarini ikikaa juu ya karatasi isiyonywa, na hewa yenyewe ni ile ya ziwani mwezi wa Aprili, unaweza kusubiri hadi kesho na bado kidole kikatoka na zambarau. Pima hivi: dondosha tone dogo la maji kwenye pembe ya karatasi, subiri dakika moja, ulifute. Kama mahali pale pamebaki pakavu na laini kana kwamba hakukuwa na kitu, usipige muhuri wa maji hapo.

Kwa uti wa kadi (kile kipande kikuu kinachokunjwa), tafuta karatasi isiyong'aa ya gramu 250 hadi 300. Kwa vipande vya juu na vya kukatwa kwa dai, gramu 160 hadi 200 zinatosha kabisa. Manila ya shule ni laini mno kuwa uti, kadi husinyaa ikisimamishwa mezani, ila kwa mazoezi na kwa maua ya dai haina ubaya.

Kuhusu wino, kuna aina nne za kufahamu, na hazibadilishani kazi. Wa maji huingia kwenye karatasi na kukauka upesi, lakini ukipitisha brashi yenye maji juu yake unatawanyika. Wa pigimenti (chembe za rangi zisizoyeyuka) hubaki juu, hukauka polepole, rangi yake ni nzito, na ndio unaoshika poda ya embosi, ile inayoyeyuka kwa joto na kuacha mchoro ulioinuka. Wa spiriti hushika hata kwenye plastiki na karatasi ya kung'aa. Huo ndio ungekuokoa na ati kadi uliyokwisha nunua, mradi ujue unaacha madoa kwenye mihuri ya plastiki angavu na ukizidi unaiharibu. Wa nne hauna rangi, unanata tu, na kazi yake kubwa ni embosi. Ukitaka kupaka rangi ndani ya mchoro kwa kalamu za spiriti, piga mchoro kwa wino wa maji. Ukipaka kwa brashi na rangi za maji, piga kwa wino usioyeyuka majini. Wengi hupindua hili, kisha wanalaumu kalamu.

Sasa mihuri. Seti za dukani karibu zote zina maneno ya Kiingereza, na mteja wa Kisumu au Kakamega anafurahi zaidi kuona Hongera, Pole sana, Erokamano au Orio (asante kwa Kijaluo na Kiluhya). Wachonga mihuri mjini wanaokata raba kwa leza wanaweza kukutengenezea. Wapelekee mchoro mweusi kwenye nyeupe usio na kijivu, na mistari isiwe myembamba kuliko milimita 0.3. Usiugeuze kinyume wewe mwenyewe, programu yao hugeuza. Mkigeuza wote wawili muhuri unatoka umeandikwa kama kwenye kioo. Waambie unataka raba peke yake au iliyobandikwa juu ya mbao. Muhuri wa kujipaka wino wenyewe ni wa risiti: utafungwa na rangi moja, na pedi yake ni ndogo.

Mihuri ya plastiki angavu inahitaji kibao cha perspeksi (plastiki ngumu angavu) cha kuibandika. Huna haja ya kununua cha dukani, watengeneza mabango wana vipande vya milimita 8 hadi 10 wanavyotupa. Omba wakulainishie kingo. Muhuri mpya wa aina hii huwa unateleza na wino hujikusanya kama matone. Usugue juu juu kwa raba ya penseli, mara moja tu, utashika. Gonga pedi juu ya muhuri badala ya kuuchovya muhuri kwenye pedi, maana ukizama wino unapanda ubavuni na kadi inatoka na fremu ya uchafu. Chini ya karatasi weka pedi ya mausi. Bonyeza wima, hesabu hadi tatu, inua wima. Ukiuyumbayumbisha kama karani wa benki, unapata kivuli pembeni.

Mchoro ukitoka na mabaka, usiongeze nguvu ya mkono. Unachohitaji ni kurudia mahali pale pale, na hilo linawezekana kwa kasha tupu la CD. Bandika muhuri wa plastiki upande wa ndani wa kifuniko, panga karatasi kwenye kona ya chini na uishike kwa sumaku ndogo mbili (ikiwa kuna bati chini ya kasha) au selotepu ya karatasi, funga kifuniko, bonyeza. Fungua, angalia. Kama pana baka, paka wino tena ufunge, utatua palepale. Muhuri usipoifikia karatasi, ongeza tabaka za karatasi chini mpaka ufike. Vifaa vya dukani vya kazi hii ni vizuri, ila kasha la CD linafanya asilimia kubwa ya kazi hiyo bure.

Osha mihuri kwa maji na sabuni kidogo, iache ikauke kwa hewa, na usiiweke dirishani. Jua huipa umanjano na kuifanya iwe migumu.

Turudi kwenye dai. Kukata pembeni na kuacha katikati kuna sababu tatu, na kwako nadhani zote zipo. Kwanza, rola hukandamiza kwa nguvu kidogo zaidi pembeni kuliko katikati. Pili, bamba zako za plastiki, zile zinazobana dai na karatasi zikipita kwenye rola, zimepinda kwa kupitishwa upande mmoja kila siku. Tatu, gramu 300 ni nyingi kwa dai yenye nakshi ndogo. Ya tatu ndiyo rahisi kurekebisha: shuka gramu 200. Kisha geuza bamba, juu chini, kila baada ya kukata mara chache. Kisha iweke dai mshazari kidogo, isiwe sambamba na rola. Ukingo mrefu ulionyooka ukigonga rola wote kwa pamoja, mzigo unakuwa mkubwa ghafla na mkato hauingii.

Bado haikati? Kata kipande cha karatasi ya kawaida ya printa, kidogo kuliko dai, kinachofunika pale tu pasipokatika, ukiweke kati ya bamba na mpangilio wako (dai na karatasi zilizopangwa). Kimoja. Jaribu. Ongeza cha pili, jaribu tena. Ukifika vitatu bado hakukatiki, tatizo ni bamba au dai, usiendelee. Usiweke manila hapo kwa haraka ya kumaliza, kwani unene huo huweza kupasua bamba au kukunja mhimili wa rola. Mlio wa kukatakata mashine ikifanya kazi ni wa kawaida. Mpini usiozunguka kwa mkono mmoja si wa kawaida. Rudisha nyuma, toa tabaka moja.

Mpangilio wenyewe hutofautiana kati ya mashine na mashine, kwa hiyo fuata kijitabu chake, lakini sheria moja haibadiliki: ukingo wa kukata uitazame karatasi. Shika dai kwa kipande cha selotepu ya karatasi uliyoibandika kwanza kwenye nguo ili ipoteze gundi, isije ikachuna karatasi. Kwa nakshi ndogo, weka karatasi ya kuokea kati ya dai na karatasi yako. Vipande vitatoka bila kuvichokoa kwa pini.

Karatasi yenye unyevu haikatiki, inavutika tu na kuacha nywele kwenye ukingo. Mvua za Machi hadi Mei, hifadhi karatasi ikiwa imelala ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu. Wenzetu wa Nakuru wana shida ya upande mwingine: Januari na Februari hewa ni kavu, karatasi hujaa umeme tuli, na poda ya embosi inarukia kila mahali.

Ukitaka kuacha mashine kabisa, chukua bledi ya upasuaji namba 11 na mpini namba 3 kutoka duka la dawa. Inakata madirisha na herufi vizuri kuliko kisu chochote cha dukani. Badilisha bledi mapema. Bledi butu ndiyo inayoteleza ikakukata kidole.

Mkunjo. Karatasi ina nyuzi, na nyuzi zina uelekeo. Pinda karatasi taratibu kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaopinda kwa ulaini ndio unaofuata nyuzi, na mkunjo unapaswa kwenda na uelekeo huo. A4 nyingi zina nyuzi zinazofuata urefu wa milimita 297. Ukiigawa mara mbili ukapata 148.5 kwa 210, kisha ukakunja kwenye 105, mkunjo unafuata nyuzi na kadi inaingia vizuri kwenye bahasha ya C6, ambayo ni 114 kwa 162. Tatizo ni kwamba maduka mengi ya vifaa vya ofisi yana bahasha za DL tu, 110 kwa 220, na nadhani ndiyo uliyotumia. Hapo unakata A4 kuwa 210 kwa 200 na kukunja kwenye 100. Mkunjo huo unakata nyuzi, ndiyo maana unapasuka. Ati kadi huonyesha mpasuko zaidi kwa sababu lile tabaka la juu halina nyuzi za kulishika.

Dawa ni mfuo, yaani mstari unaobonyezwa kwenye karatasi kabla ya kukunja. Weka karatasi juu ya gazeti lililokunjwa, shika rula ya chuma, pitisha biki iliyoisha wino mara mbili au tatu kwa nguvu kidogo kidogo. Utaona mfereji upande mmoja na tuta upande wa pili. Kunja ili tuta libaki ndani ya kadi. Watu wengi hukunja kinyume kwa sababu macho yanaona mfereji kama njia ya kukunjia. Jaribu vipande viwili, kimoja kila upande, utaona tofauti mara moja.

Faida ya DL ni masalio: kinabaki kipande cha 97 kwa 210. Kipunguze kuwa 94 kwa 204, nacho ndicho cha juu, chenye mpaka wa milimita 3 kila upande. Kata A4 mbili za rangi tofauti, ubadilishane masalio, hakuna kinachotupwa. Lakini nunua bahasha kabla ya kukata kadi hata moja.

Embosi kwa ufupi: pitisha poda ya mtoto kidogo sana kwenye karatasi, piga muhuri kwa wino unaonata, mwaga poda ya embosi, gonga irudi kwenye chombo, ondoa chembe za ziada kwa brashi kavu, kisha joto. Blowa ya nywele haifai, inapeperusha poda kabla haijapata moto. Hitigani (kifaa cha kupuliza hewa ya moto) iliyoletwa kutoka Marekani ni ya volti 120, na umeme wetu ni 240. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua. Pasi iliyogeuzwa juu chini inafanya kazi: shika kadi juu yake, mchoro ukitazama juu, uisogeze mara poda inapogeuka kung'aa. Ukichelewa, inazama kwenye karatasi na kufifia.

Ile karatasi ya magugu maji inayotengenezwa na vikundi vya huku Kisumu ni nzuri, na wageni huipenda, lakini nyuzi zake ni ndefu na uso una matuta. Herufi ndogo hupotea, dai yenye nakshi huacha nyuzi zikining'inia. Itumie kama tabaka la chini ya mchoro. Badala ya kuikata, chora mstari kwa brashi yenye maji, subiri nusu dakika, uichane kwa mkono.

Gundi nyeupe ya maji ikizidi ndiyo inayopinda kadi, basi tumia nukta, au selotepu ya pande mbili kwa vipande vikubwa. Sponji ya kunyanyua vipande juu ya kadi iwe milimita 1 kama kadi itapita posta.

Kama una oda za kadi za watahiniwa wa KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya), anza na kadi tano kwa karatasi mpya kabla ya kukata zote. Ikishindikana tena, weka hapa picha ya mgongo wa kipande ulichokata, sio mbele. Alama za dai kwa nyuma ndizo zinazoonyesha mahali mgandamizo umepungua.