Jibu: Taka za sherehe ya mtaa, Jinja
Ndugu, umeuliza maganda ya matoke na chupa za plastiki za sherehe yenu mzipeleke wapi. Shida huanzia kwenye pipa. Pipa lisilo na mtu pembeni, taka zake zinachanganyika kabla ya saa sita mchana; sisi kwenye sherehe yetu tuliweka kijana mmoja kwa kila mapipa mawili, na hata hivyo nepi ilipenya. Maganda mabichi ya jikoni wafugaji wa mbuzi watayagombania. Mabaki mengine na majani ya ndizi yaliyofunikia chakula yakateni, changanyeni na nyasi kavu, mgeuze kila wiki. Lundo likifuka mvuke asubuhi, linaoza vizuri. Miezi mitatu hivi mna mboji. Mifupa msitie, mbwa watafukua. Chupa wauzieni wanunuzi wa plastiki, ila mwageni kwanza maji yaliyobaki ndani, maana wao hupima kwa kilo.