Mchezaji Akiambukizwa, Ulizia Gari Kwanza

Naratibu timu ya ridhaa ya raga ya wachezaji 13 huku Yorkshire, Uingereza. Tangu enzi za korona, mtu akiugua tu makocha hukimbilia swali moja: alimkaba nani, yaani alimkamata na kumwangusha nani uwanjani? Mimi huanza kwingine: ulikuja na nani?

Sikulitoa hewani. Super League, ligi kuu ya raga yetu, iliporudi uwanjani Agosti 2020, skramu (pale timu mbili zinaposhikana na kusukumana vichwa chini) zilifutwa kwa hofu ya watu kupumuliana usoni. Hata hivyo wachezaji 8 walicheza katika mechi nne, kisha wakabainika kuwa na virusi. Watafiti wakakaa na video za mechi pamoja na data za vile vidude vya GPS ambavyo wachezaji huvaa mgongoni, wakasaka nani alikabana na nani na walikaribiana kwa muda gani. Katika wachezaji wengine 128, walitenga 28 waliokuwa hatarini zaidi. Ndani ya siku 14 akaambukizwa mmoja. Katika wale 100 waliosalia, wakaambukizwa watano! Walipohojiwa, ikaonekana maambukizi hayo yalielekea kutokea ndani ya klabu zao wenyewe, si kwenye mechi. Idadi ni ndogo, nakubali, na upepo wa huku nao si wa kudharau. Ila kukabana ni sekunde chache nje. Safari ya basi ni saa nzima, vioo vimefungwa.

Basi ukipewa kazi hii ya kufuatilia nani alikaribiana na mgonjwa, mchukue mgonjwa kando au mpigie simu. Usimhoji mbele ya kocha, kwani hapo kila mtu atakwambia alikuja peke yake na akaenda zake nyumbani. Anza siku mbili kabla ya dalili, mtembeze saa kwa saa: aliamka wapi, alikula na nani, alikaa benchi gani kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Swali linalonifaa kuliko yote ni la mafuta. "Nani alikuchangia petroli?" Aliyekwisha kuapa kwamba hakubeba mtu, hapo hukumbuka wawili wa kiti cha nyuma. Wachezaji si waongo kiasi hicho. Wanaogopa tu kumkosesha mwenzao mechi ya Jumapili. Kwa hiyo mwahidi kwamba jina lake halitatajwa, na ukiwapigia wale wawili usilitaje kweli, hata wakilibahatisha.

Virusi vya kuharisha na kutapika vina njia nyingine. Huko nafuatilia vyoo, chakula cha pamoja na chupa za maji zinazopitishwa mkono kwa mkono.

Malengelenge ya hapesi ndiyo yanayonirudisha uwanjani moja kwa moja, maana hayo huambukiza ngozi kwa ngozi, shavu kwa shavu. Hapo ndipo namuuliza alibanana na nani, kisha nawakagua wote uso na shingo kabla ya mazoezi. Mwenye malengelenge mabichi hachezi, hata akiwa nahodha.