Mkia wa L kwenye heller ya Tabora

Sarafu iliyonifundisha kutambua tofauti za mihuri ya kugongea (vyuma vilivyochongwa vinavyochapa umbo kwenye sarafu) ni heller 20 ya mwaka 1916, ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, yenye alama ya T ya Tabora. Niliinunua ghali kwa sababu muuzaji alinihakikishia kwamba mkia wa L ya pili katika neno HELLER ulikuwa umepinda, yaani ni ya aina adimu. Nyumbani, chini ya lenzi inayokuza mara kumi, niliona kwamba pindo lile lilikuwa kovu tu: sarafu iligongwa na kitu kigumu, metali ikasukumwa kando, na pembeni mwa herufi kukabaki kishimo kinachong'aa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokata njia ya meli kutoka Ulaya, Wajerumani waligonga sarafu zao katika karakana ya reli, mpaka Tabora ilipotekwa na Wabelgiji mwezi Septemba 1916. Mihuri ilichongwa kwa haraka, ndiyo maana heller hizi (ambazo jina lake tunalo hadi leo katika neno hela) hazifanani. Upande mmoja taji huwa kubwa au dogo. Upande wa pili, ncha za L zote mbili zimechongoka, au zote zimepinda, au imepinda ya pili peke yake. Tena zipo za shaba nyekundu na za shaba ya njano, kwa hiyo andika kwanza aina ya metali, kisha taji, na mwisho herufi.

Weka taa chini, ubavuni mwa sarafu, kisha uizungushe polepole huku ukifuatisha kivuli cha herufi. Umbo lililochongwa kwenye muhuri hujirudia katika kila sarafu iliyogongwa nao, ilhali kovu ni la sarafu moja. Kwa hiyo sikubali jina la aina adimu kabla ya kulinganisha na picha ya sarafu nyingine yenye umbo lile lile. Mstari ulioinuka juu ya uso umetokana na ufa wa muhuri, kwa kuwa metali hujaa ndani ya ufa wakati wa kugongwa, lakini mchubuko huzama. Ncha ikiwa imesagika, mimi huandika daftarini "haisomeki", hata kama mfuko unauma.

Kwa rupia 15 za dhahabu, zile zenye picha ya tembo, tazama pambo la upande wa kulia: ncha yake huishia chini ya T au chini ya A ya kwanza ya neno OSTAFRIKA. Za bandia ni nyingi, basi ipeleke kwanza kwenye mizani ya sonara. Halisi ina uzito wa karibu gramu 7.17.

Limao na majivu ya kusafishia visiiguse sarafu yoyote kati ya hizi.

Ile heller yenye kovu sikuirudisha. Ninakwenda nayo sokoni, na muuzaji anapotaja mkia uliopinda, ninaiweka kando ya yake kabla ya kuuliza bei.