Kabla Hujanunua Rimu za Spoti, Anza na Barabara Unayopita

Masika ya 2022, saa mbili usiku, nilikuwa natoka Kariakoo kurudi Mbezi na Toyota IST yangu. Mke wangu alikaa mbele, wadogo zake wawili na mizigo walikuwa nyuma. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na mbele yangu palikuwa na kidimbwi kama vidimbwi vingine vyote vya usiku ule. Tairi la mbele kushoto likazama, nikasikia mlio wa chuma, usukani ukavuta. Niliposhuka na tochi ya simu nikakuta ukingo wa ndani wa rimu umepinda, upepo umeisha wote, na ubavu wa tairi una mpasuko mrefu kama kidole.

Rimu zile zilikuwa na miezi mitatu. Inchi 17, nyeusi, upana wa inchi 7, zimevishwa matairi ya 205/45R17. Nilizipenda kwa moyo wote, na nilikuwa nimezidunduliza kwa muda mrefu. Kesho yake nikampelekea mzee wa pancha mtaani kwetu. Hakusema neno kwanza. Aliliegemeza tairi kwenye benchi, akapanga vidole vyake kuanzia ukingo wa rimu hadi kwenye kashata, yaani mpira wenye mifereji unaogusa barabara, akahesabu vitano. Kisha akachukua tairi langu la zamani lililokuwa bado kwake, akahesabu saba kasoro kidogo. "Mwanangu," akaniambia, "shimo ni lile lile. Mpira uliokuwa unalipokea ndio haupo."

Vidole vile ndivyo ninavyotaka uvielewe kabla ya kitu kingine chochote. Fungua mlango wa dereva uangalie kibandiko. Changu kinasema 185/65R15. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, ya tatu ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Asilimia 65 ya 185 ni milimita 120. Asilimia 45 ya 205 ni milimita 92. Nilikuwa nimetupa karibu sentimita tatu za mpira kila upande ili nipate chuma kikubwa zaidi. Kimo cha gurudumu zima kilibadilika kidogo mno, kutoka milimita 621 hadi 616, kwa hiyo spidomita haikudanganya na muuzaji aliyeniambia "zinaingia bila shida, kaka" alisema kweli. Ziliingia. Hakuniuliza napita wapi kila siku, na mimi sikujiuliza.

Njia yangu ina lami, ina matuta, na ina kipande cha vumbi ambacho masika hugeuka mfereji. Kwa njia kama hiyo, na kwa gari dogo kama IST, Vitz au Fielder, ushauri wangu ni baki kwenye 15. Kama unaishi na kufanya kazi palipo na lami safi mwanzo mpaka mwisho, 16 inaweza kukaa: 195/55R16 ina kimo kile kile cha milimita 621, na ubavu wa 107. Zaidi ya hapo, kwa gari la kwenda nalo kazini na kupeleka watoto shule, mimi siwezi kumshauri mtu ninayemjali.

Kuna pia suala la uzito, ambalo watu hulipuuza kwa sababu wanaamini kila rimu ya aloi ni nyepesi. Nilipima magurudumu yangu kwenye mizani ya duka la nafaka: la zamani pamoja na tairi kilo 15, lile la 17 kilo 19. Kilo nne kwa kila pembe ya gari, na zote zinapigwa na barabara kabla ya springi na shokapu kufanya kazi yake. Gari lilikuwa zito kuondoka, na matuta niliyasikia mgongoni.

Halafu ET. Hii ni namba iliyochongwa nyuma ya rimu, na inaeleza umbali, kwa milimita, kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa habu, yaani kitako cha gari ambacho rimu hufungwa juu yake. Toyota ndogo nyingi zinacheza kati ya 39 na 45. Rimu zangu za asili zilikuwa upana wa 5.5 na ET45, mpya upana wa 7 na ET30. Piga hesabu uone: ukingo wa nje ulisogea zaidi ya sentimita tatu kuelekea nje. Ukiwa peke yako ndani ya gari huoni tatizo, gari linaonekana limetanuka, linapendeza. Wakikaa watu watatu nyuma ukavuka tuta, madigadi inasaga tairi. Mimi nilikuta bega la tairi la nyuma lina mstari uliochimbwa kuzunguka tairi zima, na vumbi jeusi la mpira limejaa ndani ya madigadi. Baadhi ya mafundi watakwambia wakunje madigadi kwa ndani. Usikubali. Na beringi nazo zinabeba mzigo ambao hazikutengenezewa.

Sasa nati. Hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu tairi likipasuka unakwama barabarani, lakini gurudumu likichomoka linaweza kuua mtu aliyesimama kituoni.

Nati za rimu za asili za aloi kwenye Toyota nyingi zina shingo na washa bapa. Hukaa juu ya uso ulio bapa. Rimu nyingi za spoti zimechongwa shimo la koni ya nyuzi 60, na zinataka nati ya koni. Nati bapa ukiifunga kwenye shimo la koni itakaza, fundi atatikisa kichwa ameridhika, lakini inagusa sehemu ndogo tu. Zangu zilifungwa hivyo. Wiki ya kwanza nikawa nasikia ko-ko-ko nikienda polepole karibu na ukuta. Nikasimama, nikashika nati za nyuma kulia, mbili zikazunguka kwa vidole. Niliondoa nati zote siku hiyo hiyo, nikaweka za koni. Nati za Honda za asili nazo zina kitako cha duara kama mpira, na za Subaru zina uzi wa 12 kwa 1.25 (unene na nafasi kati ya mizunguko ya uzi, kwa milimita) wakati Toyota ni 12 kwa 1.5. Kwa macho zinafanana. Nati ya Subaru kwenye stadi ya Toyota, ile bolti inayotokeza kwenye habu, itaingia raundi mbili tatu kwa mkono, na ukiilazimisha kwa mashine unaharibu stadi. Mwambie fundi aanze kila nati kwa mkono, akaze kwa mtindo wa msalaba, na amalizie kwa spana ya kipimo: Toyota hizi ndogo ni nyutoni mita 103. Kisha uendeshe kilomita mia hivi na uzikaze tena kwa kipimo hicho hicho.

Matundu yenyewe ni rahisi kuyajua. Magari niliyotaja mengi ni 4x100, yaani nati nne kwenye duara la milimita 100. Kwa rimu ya matundu manne unapima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolitazama. Tundu la katikati ndilo linalosahaulika. Habu ya Toyota hizi ni milimita 54.1, ilhali rimu nyingi za spoti zina tundu la 67.1 au 73.1 ili ziingie magari mengi. Nunua ringi za kuziba nafasi hiyo. Bila ringi, rimu inategemea nati tu kukaa katikati, na ndiyo sababu baadhi ya watu wanabalansi mara tatu na usukani bado unatetemeka wakifika 80 au 90.

Kwenye matairi nitakuwa mkali kidogo. Mtu anatoa laki nane kwa rimu, kisha anatafuta matairi ya mtumba ya elfu hamsini. Geuza. Kinachogusa barabara ni tairi. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kanuni yangu ni kwamba sinunui lililozidi miaka mitano, hata kama kashata imejaa, kwa sababu mpira unakakamaa ukiwa umekaa tu stoo. Likunje ubavu kwa mikono utazame nyufa ndogo ndogo. Pitisha kucha ndani ya mifereji. Tairi lililochongwa upya lina kingo kali na mpira wa chini ya mifereji ni mwembamba. Angalia pia namba ya mzigo. Matairi yangu ya sasa yameandikwa 88, kilo 560 kwa tairi. Yale ya 17 yalikuwa 84, kilo 500. Nilikuwa nimebeba watu wanne na mizigo juu ya matairi dhaifu kuliko yaliyotoka na gari.

Leo natumia rimu za mtumba kutoka Japani nilizozipata Ilala, inchi 15, upana wa 6, ET40, zina alama ya JWL (kiwango cha Japani cha rimu za aloi), na matairi mapya ya 195/60R15. Nyepesi, zinapendeza, na masika mbili zimepita bila kupinda. Ukienda kutafuta za kwako, usilipie rimu ikiwa imelala chini. Omba ifungwe kwenye mashine ya balansi, izungushwe bila tairi, na wewe uchuchumae upande wa nyuma utazame ukingo wa ndani. Hapo ndipo zinapopinda na ndipo zinapochomelewa na kupakwa rangi. Muuzaji akikataa kuizungusha, mshukuru, nenda duka linalofuata.