Jibu: Odii ya simsim, kolesteroli na seli za utumbo

Dada, umeuliza kama odii, ule uji mzito wa simsim na karanga zilizosagwa, inaweza kumshushia mama kolesteroli hadi aache dawa, na kama ni kweli inazuia seli za utumbo kukua.

Dawa asiache, tafadhali sana.

Simsim na karanga zina beta-sitosteroli, mojawapo ya steroli za mimea, ambayo umbo lake linakaribiana mno na la kolesteroli. Kolesteroli haipenyi utumbo hivi hivi. Hubebwa kwanza na vitone vidogo vya nyongo na mafuta, kisha hupokewa na protini iitwayo NPC1L1. Sitosteroli hugombania nayo nafasi kwenye vitone hivyo, na kolesteroli iliyokosa nafasi hutoka na choo. Sitosteroli yenyewe haikaribishwi mwilini: pampu za ABCG5 na ABCG8 huirudisha utumboni, ndiyo maana ni kidogo sana inayofika kwenye damu.

Kuhusu ukuaji, kilichoonekana maabara ni seli za saratani ya utumbo mpana, zilizooteshwa kwenye vyombo, kupunguza kasi ya kukua zilipowekewa sitosteroli. Hilo halimfanyi mtu aogope odii, wala halimpi ruhusa ya kuiuza kama dawa ya saratani, na wapo wanaofanya hivyo.

Shida ni kiasi. Kushusha LDL, yaani kolesteroli mbaya, kwa takriban asilimia 8 hadi 10 kunahitaji gramu 2 za steroli za mimea kwa siku. Chakula cha kawaida hutoa chini ya nusu gramu. Kuzifikia kwa odii peke yake, mama angekula mafuta kupita kiasi.

Malakwang yake, ile mboga ya majani, ale na odii kama kawaida. Apunguze vya kukaanga, na apimwe tena kliniki.